Fundi Aliyebishana na Redio

Kosa si kumpelekea Ombui suruali. Kosa ni kumpelekea saa za taarifa ya habari.

Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la mbolea pale sokoni Uriri, na juu ya meza, kando ya makasi, palikuwa na redio iliyofungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili isimwage betri. Ombui alishona kwa mguu na kubishana kwa mdomo, na Mungu hakumjalia kufanya yote mawili kwa pamoja. Msomaji wa habari akisema waziri ametangaza, mguu unasimama. Akisema wataalamu wamegundua, mguu unasimama na makasi yanawekwa chini kabisa. Wamegundua nini? Walikuwa wanatafuta nini huko? Nani aliwatuma? Mwenye suruali anasimama pale na shuka kiunoni, anangoja mabishano yaishe, na redio haijui hata kama inabishiwa.

Kuna kaptura ya shule aliyoletewa wakati mmoja, na ilipokuwa tayari yule mtoto alikuwa amebadilisha darasa na kiuno pia. Hiyo Ombui alikuwa akiisimulia mwenyewe, akicheka mpaka futi ya kupimia inamtoka shingoni. Alijijua. Kwa mambo madogo, mtu huyu alijijua vizuri sana.

Lakini usidhani alizaliwa mbishi. Alipoteremka kutoka Nyamira kuja kutafuta maisha huku Migori, Msabato mpole mwenye cherehani moja na mke mmoja, Priscah, alikuwa mwepesi wa kuamini kuliko mtoto wa chekechea. Ukiwa na kalamu mfukoni mwa shati, Ombui alikuamini. Akaja bwana shamba na picha zake za karatasi nene, akawaambia watu waachane na mahindi, alizeti ndiyo dhahabu mpya, tena hii haihitaji kuingia mashimoni kule Masara. Ombui akang'oa mahindi yaliyokuwa yamefika magotini. Alizeti zilichanua, acha mchezo, watu walikuwa wanasimama barabarani kutazama. Wanunuzi ndio hawajafika mpaka leo. Bwana shamba akahamishwa, na nyumbani kwa Ombui wakatafuna mbegu kama kasuku mpaka msimu uliofuata.

Hakukoma. Ukaja uchaguzi wa tisini na mbili, na wachambuzi wa magazeti, wale wa kuandika kwa herufi nzito, wakasema upinzani utashinda asubuhi na mapema. Ombui akanunua vitambaa akashona kofia za kusherehekea, magunia mawili yamejaa. Matokeo yalipotoka, kichwa cha kuvalia kofia hizo hakikupatikana Uriri yote. Priscah akazitandika kwenye kibanda cha kuku, na kuku wakatagia ndani ya ushindi wa watu. Mayai yakaanza kuwa mengi, mambo yakaanza kunyooka, ndipo daktari mmoja akasema redioni kwamba mayai yanaziba mishipa ya moyo. Ombui akauza kuku wote. Kofia hazijaoza bado, daktari mwingine akaja kwenye redio ile ile, akasema kwa sauti ile ile ya kushiba, kwamba yai ni chakula bora na kila nyumba ifuge kuku.

Siku hiyo Ombui aliweka makasi chini akaapa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa na bwana shamba, mwandishi wa habari na daktari. Kuanzia hapo, mtaalamu yeyote akifungua kinywa, Ombui alifungua chake kumpinga.

Waliomkera kuliko wote ni watabiri wa hali ya hewa. Wanasiasa hudanganya wakiwa wanataka kitu, hilo mtu analielewa. Lakini huyu wa hali ya hewa anataka nini? Kila jioni ni jua katika sehemu nyingi na manyunyu katika sehemu chache. Sehemu zipi? Ombui alisema kwa utabiri wa namna hiyo hata yeye angeweza kuajiriwa na kupewa koti jeupe. Basi ikawa desturi: redio ikimaliza kutabiri, Ombui anasimama kwenye ukingo wa baraza, anatazama upande wa ziwa, ananusa kidogo, kisha anatangaza kinyume. Wakisema mvua, yeye anasema jua. Wakisema jua, yeye anasema watu watafute gamubuti.

Na hapa ndipo maisha yake yalipopata utamu. Watu walianza kuja kumuuliza. Mama wa kuanika mihogo, mzee wa kuezeka, mwenye tumbaku, wote walipita barazani asubuhi. "Jaduong' fundi, leo itanyesha ama haitanyesha?" Mkisii wa Nyamira kuitwa jaduong', mzee mwenye heshima zake, na Wajaluo wenyewe kwenye soko lao, si jambo dogo. Ombui alikuwa anajibu taratibu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, na watu wanamshukuru kwa mikono miwili wanaondoka kwa haraka. Wengine walimletea ndizi. Onsongo, mchimbaji wa dhahabu wa Masara, alipita siku moja kuuliza hali ya hewa kabla ya kushusha watu wake shimoni. Ombui akamwambia ashushe bila wasiwasi, mvua hakuna. Mchana ikanyesha kama imefunguliwa bomba. Kesho yake Onsongo akaja na jogoo mwekundu, akamwambia Mungu ambariki, amemwokolea watu. Ombui hakuelewa vizuri, lakini jogoo hakataliwi, akamfunga miguu akamweka chini ya meza. Priscah aliuliza jogoo ni wa nini. Ombui akamwambia ni heshima.

Sasa tuje kwenye nyumba. Priscah alikuwa ameahidiwa nyumba ya matofali tangu Dolphine, binti yao, akiwa mgongoni, na sasa Dolphine alikuwa sekondari, shule ya bweni, na ile ya udongo waliyopanga ilikuwa ikivuja hata pasipokuwa na mvua ya maana. Kila likizo Dolphine alikuwa anauliza chumba chake kitakuwa upande gani. Basi mwaka wa tisini na saba, wakati wa kiangazi, mume na mke wakafyatua matofali kwenye kipande chao cha ardhi. Ombui alifyatua asubuhi kabla ya habari, na Priscah ndiye aliyekanyaga udongo na kubeba maji kutoka mtoni, Agosti yote, mpaka utosi ukaota kipara kidogo pale mtungi unapokaa. Hakulalamika. Alisema atakapolala ndani ya kuta hizo nywele zitaota zenyewe. Kufika Oktoba matofali yalikuwa yamekauka na kupangwa tanuri, kuni ziko tayari, limebaki kuwashwa tu.

Kuwasha tanuri si kuwasha jiko. Ukishaliwasha unalilisha kuni mchana na usiku mpaka liive, na huwezi kuliacha nusu. Msabato basi hawezi kuliwasha wiki ikiwa inaishia, maana Sabato itamkuta na shoka mkononi. Wakakubaliana wawashe Jumapili.

Redio nayo, wiki hiyo hiyo, ikaja na Elninyo.

Ombui alicheka mpaka uzi ukakatika. Elninyo! Hilo alisema ni jina la winga wa Brazil. Eti bahari ya huko mbali, ambayo hata redio yenyewe haikujua kuitamka vizuri, imepata joto, kwa hiyo mtu wa Uriri afunike vitu vyake. Akawauliza waliokuwepo: maji yakichemka kwa jirani, wewe unaungua? Watu wakamwangalia wakatingisha vichwa. Wakauliza kwa makini zaidi ya kawaida kama ana hakika haitanyesha. Akasema ana hakika. Wakauliza tena. Akasema anaapa kwa cherehani yake. Wakamshukuru, wengine mara mbili, na baraza ikabaki tupu kuliko ilivyowahi kuonekana.

Alhamisi alipita Mong'ina, mjane wa jirani aliyekuwa akileta omena, zile dagaa za ziwani, kutoka Homa Bay na kuzianika tena hapo nyuma ya soko, maana omena zikifika na unyevu zinaoza na harufu yake huwezi kuizuia. Walisali kanisa moja. Akauliza lile swali la kila mtu, akajibiwa jibu la kila mtu. Kisha akauliza kama fundi atalihitaji lile turubai lake kubwa la bluu, kwa vile mvua hakuna.

Hapo mtu mwenye akili angeuliza, wewe Mong'ina, mvua hakuna, turubai ni la nini? Lakini mtaalamu haulizi maswali, mtaalamu anajibu. Ombui akamkunjia turubai kwa mikono yake, akamtwika.

Jioni Priscah aliposikia, alisimama na mwiko mkononi. Akasema redio imesema mwisho wa wiki mvua kubwa Nyanza yote. Akasema, kwa upole wake ule wa kuchokoza kidonda bila kugusa, kwamba matofali hayawezi kubishana. Ombui akamuuliza kama amesahau alizeti. Priscah akasema hajasahau, yeye ndiye aliyezitafuna. Akataka kwenda kwa Mong'ina kuliomba turubai, Ombui akamrudisha mlangoni. Alisema akifunika matofali yake, soko lote litasema fundi mwenyewe haamini anachosema, na mtu ana jina lake. Priscah alikaa chini akaendelea kuchambua mboga. Kwa sababu ya jina, bwana, watu wamelala njaa, wamepigana, wamekufa. Ombui yeye alilala usingizi mzuri sana.

Jumamosi asubuhi jua lilikuwa linachoma. Ombui alivaa koti, akatembea kwenda kanisani akiwa ametangulia mbele, anaitazama mbingu kama mtu aliyeishona yeye. Akamwonyesha Priscah kwa kidole: wingu liko wapi?

Lilikuwa linakuja kutoka ziwani, halikuwa na haraka.

Mhubiri alikuwa katikati ya mahubiri wakati tone la kwanza lilipogonga bati. Likafuata la pili. Kisha bati lote likalia, na mhubiri akabaki anafungua na kufunga mdomo kama samaki, hakuna kinachosikika. Afadhali mahubiri yangekuwa ya Nuhu, Ombui angejua anasemwa. Yalikuwa ya kutoa zaka.

Kutoka kanisani mpaka kwenye matofali si mbali, mtu mwenye miguu angefika tanuri likiwa bado tanuri. Kilichomzuia Ombui ni Ombui. Mwaka uliotangulia, siku kama hiyo, ndugu mmoja anayeitwa Monari alitoka kanisani mbio kwenda kuondoa mahindi uani yasilowe. Wazee wa kanisa walikuwa tayari kumsamehe. Mchungaji mwenyewe alitaja habari za ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Ombui ndiye aliyesimama akapinga, maana wachungaji nao ni wataalamu. Akasema kwa sauti ya kuhutubia kwamba mahindi si ng'ombe, na mwenye imani huiacha mvua ya Mungu inyeshe inapotaka. Monari akakalishwa benchi la nyuma miezi mitatu.

Sasa Monari alikuwa shemasi wa mlangoni. Maji yalipoanza kupita chini ya mlango, aligeuka akamtafuta Ombui kwa macho katika kanisa zima. Akamwona. Kisha, taratibu, bila ubaya wowote usoni, akamfungulia mlango.

Kanisa lote lilitazama. Ombui alitazama Biblia yake. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Alitamani kukimbia na hakuinuka, mdomo ulikuwa umeshamfunga miguu tangu mwaka jana. Priscah pale upande wa akina mama alikuwa amejishika utosi, pale pale pa mtungi, na hakuushusha mkono mpaka ibada ilipokwisha. Hilo ndilo lililomuumiza Ombui kuliko mlango.

Mvua haikukoma. Jua lilipozama na Sabato ikaisha, walikwenda pamoja wakakuta udongo. Yale ya chini yalikuwa yamelainika yakateremka, ya juu yakaja juu yake, na pembeni kuni zinaelea. Ungesema hapa hapajawahi kufyatuliwa kitu. Priscah aliokota tofali moja lililobaki na umbo, likamkatikia mikononi. Akaviweka vipande chini, akajipangusa mikono kwenye leso. Ombui angependa atukanwe.

Halafu akakumbuka Mong'ina, moyo ukampasuka mara ya pili. Yeye amepoteza nyumba yake kwa ubishi wake, sawa, ni haki yake. Lakini mjane wa watu alimwamini! Omena zote za Homa Bay zimeoza kwa neno lake. Akamwambia Priscah lazima aende akaombe msamaha usiku haujaingia sana, na Priscah akamfuata nyuma.

Mong'ina aliwakaribisha, akawapa viti. Chumba kilinuka omena kavu, kavu kabisa. Magunia yalikuwa yamepangwa juu ya mbao mpaka darini, na juu ya magunia, limefungwa kwa kamba kila kona, lile turubai la bluu.

Ombui alianza kuomba msamaha, na macho yake yalipofika kwenye turubai akaukatiza.

"Mama," akasema, "si nilikuambia haitanyesha?"

"Uliniambia, fundi. Ndiyo maana nikazitoa juani siku hiyo hiyo."

Ombui hakuelewa. Mong'ina akamtazama Priscah kama anaomba ruhusa, kisha akasema kwa huruma, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba shati amelivaa nje ndani tangu asubuhi.

"Fundi, usikasirike. Redio wakati mwingine hukosea. Wewe hujawahi kukosea kukosea. Ukisema haitanyesha, soko lote tunafunika."

Ombui alikumbuka zile asante za mikono miwili na mwendo wa haraka baada yake. Akakumbuka ndizi. Akakumbuka yule jogoo mwekundu wa Onsongo na watu waliookolewa, mchuzi alioula akijiita mtu wa heshima. Aligeuka kumuuliza mkewe kama na yeye alijua, akakuta Priscah ameficha uso kwenye leso na mabega yanatikisika. Alidhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka vilevile, na huwezi kujua yapi ni ya matofali na yapi ni ya jogoo. Ombui naye alijaribu kukasirika, ikamshinda. Alicheka mpaka akashuka kwenye kiti.

Wiki zile alijitahidi kutubu. Redio ikisema mvua, naye anasema mvua. Soko likavurugika. Watu wakaja kulalamika kwamba fundi amewaharibikia, hawajui tena wafunike au waanike. Disemba, uchaguzi ulipokaribia, mtu mmoja aliyegombea udiwani alimfuata barazani akamsihi, tafadhali, atangaze hadharani kwamba yeye ataanguka. Ombui alimwambia akimaliza pindo atafikiria.

Kiangazi kiliporudi, Priscah alirudi mtoni. Ombui safari hii alibeba maji mwenyewe, na redio akaiacha sokoni. Matofali yakakauka, yakapangwa. Alhamisi moja mchana Priscah alipita barazani akitoka shambani, akamkuta habari zinaisha. Mtabiri alisema wikendi mvua kubwa.

Mguu wa Ombui ulisimama juu ya pedali. Aliinuka akaenda kwenye ukingo wa baraza, akatazama upande wa ziwa. Mbingu ilikuwa nyeupe safi, hata kijiwingu cha kusingizia hakikuwepo. Alinusa. Na kutoka ndani ya moyo wake, kwa akili zake zote timamu, aliona waziwazi kwamba mtabiri yule anadanganya.

"Unaonaje, Baba Dolphine?" Priscah akauliza.

"Mimi naona haitanyesha," Ombui akasema. "Naona kabisa haitanyesha."

Kisha akaingia nyuma ya meza, akalitoa turubai la bluu lililorudi kutoka kwa Mong'ina, na Priscah akashika ncha ya pili.